Immaculée Aliyewashonea Mashujaa

Kila mwaka ikifika Agosti, chumba chetu cha kushonea kilijaa vitambaa vya shweshwe, ile pamba nzito yenye michoro midogo midogo, mpaka tukakosa pa kuweka miguu. Tarehe ishirini na nne Septemba ni sikukuu ya urithi hapa Afrika Kusini, na siku hiyo kila mtu, kuanzia mwalimu hadi mwuza mahindi ya kuchoma, hutaka kuonekana katika nguo za kwao. Mafundi wanaojua kushona sketi ya Kizulu yenye mikunjo myembamba, ile ambayo haivunjiki hata mwenyewe akiketi kutwa nzima, ni wachache. Mmoja wao, na kwa maoni yangu aliyewapita wote, alikuwa Mkongo kutoka Bukavu. Jina lake Immaculée.

Mimi naitwa Coletha, kwetu ni Bukoba. Nilikuwa nikipanga naye chumba hicho, juu ya duka la vipuri vya magari huko Jacobs, mjini Durban, mimi nikishona mapazia na yeye akishona nguo. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa kuwa nilimzidi umri, na mimi nilimwita Mama Peguy, kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo mengi ya haya sikusimuliwa. Machache ambayo sikuyaona kwa macho yangu, aliniambia yeye mwenyewe tukiwa kazini, na Immaculée hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Alifika Durban na mumewe, Honoré, mwaka 2006, Peguy akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Mwanzoni Honoré alilinda magari ya watu ufukweni, kazi ambayo karibu kila Mkongo wa mji huu ameipitia. Baadaye akapata kontena kuukuu katika mtaa ulio nyuma ya viwanda vya Jacobs, karibu na kituo cha taxi, yale mabasi madogo ya abiria, akafungua kazi aliyoijua tangu kwao: kutengeneza redio na simu. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Bibi vizee wa mtaa ule walimpenda. Wangemletea redio iliyozeeka kuliko yeye, akaifungua mezani, akaipuliza vumbi, na kesho yake ikawa inasoma habari.

Tangu wafike mjini walikaa katika mtaa huo, karibu miaka tisa. Immaculée alijifunza Kizulu cha kuombea chumvi na cha kugombania foleni, na akajifunza kushona zile blauzi za rangi ambazo wanawake wa makanisa ya huku huvaa siku za ibada. Ni blauzi hizo zilizomkutanisha na Mama Rhoda.

Mama Rhoda ni mzaliwa wa mtaa ule. Nyumba yake inatazamana na kona lilipokuwa kontena la Honoré. Akiwa msichana wa miaka ishirini alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na mwanzoni mwa 1973, wafanyakazi weusi wa Durban walipogoma na kumwagika barabarani, yeye naye alizima mashine yake akatoka. Wakati ule kugoma kulikuwa ni kutafuta jela. Alipokuwa akikusimulia, alisimama na kukuonyesha jinsi walivyoshikana mikono, na ungeona kwamba mwili wake bado unakumbuka. Hakujaliwa mtoto wa kike. Immaculée alipompelekea blauzi ya kwanza akamkaribisha chai, na tangu siku hiyo akamwita mwanangu.

Mwezi wa nne mwaka 2015 mji huu ulichafuka. Watu waliamka dhidi ya wageni, mtaa baada ya mtaa. Katika mtaa wa akina Immaculée palikuwa na mkutano mchana uwanjani, na aliyeusimamia alikuwa mzee mmoja aliyeheshimika sana, Mthalane. Mkutano ulipomalizika, kundi la vijana lilishuka barabarani, na Mthalane akitembea mbele yao, mikono nyuma, kofia kichwani. Yeye hakurusha jiwe. Alichofanya ni kusimama mbele ya kila duka na kuinua kidevu, hili ndiyo, hili siyo, kwa sababu vijana wengine walitoka mitaa ya mbali na hawakujua lipi ni la mgeni.

Immaculée alikuwa kwa Mama Rhoda, amepeleka blauzi. Aliona yote kupitia dirisha. Alimwona Mthalane akisimama mbele ya kontena, akaona kidevu kikiinuka. Alifungua kinywa, na Mama Rhoda akamziba kwa kiganja kutoka nyuma, akamvuta hadi chumba cha ndani.

"Ukipiga kelele tutakufa wote wawili," alimwambia sikioni.

Honoré angeweza kukimbia. Wengine walikimbia na wako hai. Yeye alirudi ndani kutoa redio za wateja, akisema si zake, atawajibu nini wenyewe. Alitoka amezikumbatia, na tofali likampata juu ya sikio.

Hakufa siku ile. Walihama mtaa ule, naye akaishi miaka mitatu mingine, lakini kama mtu aliyesahauliwa na akili yake mwenyewe. Hakuweza tena kufunga vifungo vya shati. Alimwita Peguy kwa jina la mdogo wake yeye Honoré, aliyefia Bukavu. Akipewa redio aliishika tu, akiigeuza geuza. Kesi ilifunguliwa, haikufika popote. Alipokufa walimzika hapa hapa Durban, na Immaculée akahamia Jacobs, ndipo tukaanza kupanga pamoja.

Watu walimwuliza kwa nini harudi kwao au asiende hata Cape Town. Alijibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Niende wapi? Kaburi iko hapa. Mutoto anasoma hapa. Na Mama Rhoda iko hapa."

Kila Jumapili alikwenda kwa Mama Rhoda kumpikia. Alipitia njia ya nyuma, asione ile kona.

Sasa nifike kwenye haya ya juzi. Mwaka jana, kabla ya msimu wa baridi kuisha, Mama Rhoda alipanda ngazi zetu akihema, akaketi juu ya mafungu ya vitambaa, akasema kanisa limewapa ukumbi. Yeye na kamati ya wakazi wangefungua maonyesho ya historia ya watu weusi wa mtaa ule, wafungue siku ya urithi. Walikuwa wamekwisha kukusanya mbao za kufulia za wanawake waliofua nguo za Wazungu, vitabu vya pasi ambavyo kila mtu mweusi alilazimika kutembea navyo enzi za ubaguzi, sufuria, vyeti, na picha chungu nzima. Walichokosa ni nguo. Nguo za maskini hazikai, huvaliwa mpaka ziishe.

"Nataka watoto waone tulivyokuwa," alisema. "Ovaroli ya kiwandani. Gauni la mtumishi wa ndani na aproni yake. Koti la mbeba mizigo wa bandarini. Gauni la harusi la mama yangu, nina picha yake. Historia ya mtaa mzima, mwanangu, kutoka zamani mpaka leo."

Sijapata kumwona Immaculée akifanya kazi kwa furaha namna ile. Aliahirisha sketi za wateja, na wateja hawa ndio waliomlisha. Alizunguka maduka ya Wahindi mjini akitafuta khaki nzito ya zamani. Alipokosa vifungo vya mfupa alivitoa kwenye koti kuukuu la sokoni. Mama Rhoda alikuja mara kwa mara, akasimama na kuonyesha mwilini mwake: mfuko ulikuwa hapa, nembo ya kiwanda hapa, na hapa begani palikuwa na kiraka kwa sababu kamba ya mfuko wa pamba ilikuwa inasugua. Immaculée aliweka na kiraka. Akakisugua kwa jiwe mpaka kikachakaa.

"Yaya," aliniambia jioni moja tukifunga mashine, "hii historia iko yao, lakini quand même, hata hivyo, na sisi tuko ndani kidogo. Honoré alitengeneza redio ya hawa batu. Mama Rhoda amesema mpaka leo."

Akafungua mkoba akanionyesha picha ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Honoré amesimama mlangoni pa kontena, ameshika kifaa cha kulehemu kama mtu anayeshika kalamu, na nyuma yake rafu imejaa redio. Alikuwa ameitengenezea fremu.

Wiki mbili kabla ya kufungua, tulipeleka nguo ukumbini. Nilimsindikiza kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa. Sanamu za kuvalishia zilikuwa zimepangwa mstari katikati, na Immaculée akaanza kazi, pini mdomoni, akikaza hapa na kulegeza pale. Alimaliza ovaroli ya kiwandani, ile ya Mama Rhoda, akarudi nyuma kuitazama. Ndipo akageuka upande wa ukuta.

Ukuta mzima ulikuwa umepewa kichwa cha maneno makubwa, kwa Kizulu na kwa Kiingereza, kwamba hawa ni mashujaa wetu walio hai. Katikati, kubwa kuliko zote, palikuwa na picha mbili za mtu mmoja. Katika moja ni kijana mwembamba amefungwa bendeji kichwani, ngumi juu, mwaka 1985. Katika ya pili ni mzee mwenye kofia, anatabasamu.

Immaculée alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi yake.

"Yaya, ile njo mutu," alisema.

Ndiye huyo, alimaanisha, na sikuhitaji kuuliza mtu gani.

Mama Rhoda alikuwa mlangoni anazungumza na fundi wa taa. Alipotuona tumesimama pale alikuja taratibu, na kwa jinsi alivyokuja nilijua kwamba alikuwa akiingojea siku hii.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Ulitaka lini, Mama?"

Mama Rhoda alivuta kiti akaketi. Sitamwonea. Alisema mambo ya kweli. Alisema mwaka 1985, polisi walipoingia mtaani, Mthalane aliwatoa watoto kwenye moshi akiwa kijana tu mwenyewe. Ndugu yake alipigwa risasi. Yeye alifungwa, akarudi na mguu mbovu. Ndiye aliyepigania mabomba ya maji mpaka yakaletwa. "Nusu ya watu watakaoingia hapa," alisema, "wako hai kwa ajili yake."

"Na Honoré?"

"Mwanangu, najua."

"Siombi umutoe," Immaculée alisema. Alisema kwa Kizulu chake cha kuokoteza, polepole, akitafuta kila neno. "Kama alifanya mazuri, mazuri yakae. Mimi naomba kitu kimoja. Weka na huyu." Akatoa ile fremu kwenye mkoba akamwekea mapajani. "Uandike jina lake, uandike alitengeneza redio hapa, uandike mwaka aliopigwa. Usiandike nani alimupiga. Mtaa unajua."

Mama Rhoda aliitazama picha. Akasema ataipeleka kwenye kamati.

Jibu lilikuja baada ya siku chache, na alilileta yeye mwenyewe. Kamati ilikuwa imesema kwamba sherehe ni ya furaha. Kwamba jambo lile bado lina moto, na likiguswa litawagawa watu. Kwamba picha ile ni nzuri lakini si ya maonyesho haya. Hata hivyo hawakutaka wageni wajisikie wametengwa, basi wameamua kutakuwa na meza ya chakula na vitambaa, nje, chini ya turubai, na wamemchagua Immaculée aisimamie. Meza ingeitwa meza ya ndugu zetu kutoka Afrika.

Immaculée alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa.

"Kutoka Afrika," alisema. "Kwani hapa ni wapi?"

Mama Rhoda aliirudisha fremu, akaiweka juu ya meza ya kukatia, picha ikitazama chini, akashuka ngazi.

Jumapili ile Immaculée hakwenda kumpikia. Badala yake Peguy alikuja chumbani kwetu. Peguy sasa ni mwanamume wa miaka ishirini na minne, anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja huko Clairwood, na anazungumza Kizulu hivi kwamba huwezi kumjua kuwa ni mgeni. Alikuwa amerudi kupanga chumba cha uani katika mtaa uleule wa kontena. Kumbe habari zilikuwa zimekwisha kumfikia.

"Mama, achana na hiyo," alisema. "Usiende."

"Baba yako hana haki ya kuwekwa ukutani?"

"Baba amekufa. Mimi ndiye nakaa kule. Mimi njo napita mbele ya ule mzee kila asubuhi nikienda kazini, ananiambia sharp, nami namwambia sharp. Unafikiri sijui ni nani? Nimejua tangu nikiwa mtoto. Nimechagua kusalimia."

Immaculée alimtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba ndani ya nyumba yake ambacho hakujua kwamba kipo. Kwa muda wote ule alikuwa akidhani ni yeye peke yake anayebeba.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje?"

Akaondoka bila kunywa chai. Mimi nilidhani basi imekwisha, kwamba meza itabaki wazi na Immaculée atashona sketi zake. Lakini Ijumaa nikamkuta amenunua sombe, yale majani ya muhogo, kwa Wakongo wenzake mjini, na samaki wadogo wakavu, na mawese.

"Utapika?"

"Nitapika."

"Kwa nini, Mama Peguy?"

"Nataka ule muzee anione," alisema. "Tangu siku ile sijasimama mbele yake. Nataka anione sura."

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Palikuwa na ngoma, na wasichana wa shule wakirusha miguu juu mpaka vumbi likatanda. Wazee waliingia ukumbini wakitembea kama wanaoingia kanisani. Nilimwona mwanamke mmoja mzee sana akisimama mbele ya lile gauni la mtumishi wa ndani, akashika aproni kwa vidole viwili, akaanza kulia, na wajukuu wake wakamzunguka wasijue la kufanya. Nilijivunia kazi ya mwenzangu. Nilitamani kumwambia kila mtu kwamba aliyeishona yuko nje pale, chini ya turubai, anapakua chakula. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa jina lake, lakini yeye hakuwa ameliomba.

Baada ya hotuba watu walitoka kula. Mthalane alitoka na Mama Rhoda wakiwa wameshikana mikono kwa ajili ya ule mguu wake mbovu. Alipita meza za nyama, akaja moja kwa moja kwenye meza yetu. Alikuwa amekuwa mzee. Sijui nilitegemea kuona nini, labda mtu mwenye macho ya kutisha. Alikuwa babu tu, ana upara chini ya kofia na harufu ya mafuta ya kuchua.

"Majani haya ni nini, mama?" aliuliza.

"Sombe, Baba. Majani ya muhogo."

Immaculée akampakulia. Alikula akiwa amesimama, akaomba kuongezewa, akasema ni matamu, kwamba mama yake alikuwa akipika majani ya maboga kwa njia kama hiyo. Akamtazama usoni, moja kwa moja, akitabasamu.

"Mnatoka wapi nyie?"

Nilimwona Immaculée akishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, ila si kwa hili. Alikuwa amepika siku mbili ili mtu huyu amwone sura, naye alimwona, na sura haikumwambia kitu.

"Nilikaa hapa," alisema. "Karibu miaka tisa. Mume wangu alikuwa na kontena kwenye kona, mbele ya nyumba ya Mama Rhoda. Alitengeneza redio."

Mthalane aliacha kutafuna.

"Yule wa redio," alisema. "Alinitengenezea yangu." Akameza. "Lile lilikuwa jambo baya, dada. Vijana walikuwa wamepandwa na wazimu siku ile. Mimi nilijaribu sana kuwazuia. Nilitembea mbele yao njia nzima nikijaribu kuwazuia. Muulize Rhoda, alikuwa nyumbani, aliona."

Sijui kama alikuwa akisema uongo kwa kujua, au kama miaka ilikuwa imemgeuzia kumbukumbu mpaka naye akaiamini. Alikuwa na uso wa mtu anayesema kweli. Akamgeukia Mama Rhoda, na sote tukamgeukia.

Mama Rhoda alikuwa amesimama na mkono wa Mthalane kwapani mwake. Watu wa kamati walikuwa hatua chache tu. Aliangalia chini, akaangalia turubai.

"Ulijaribu, Baba," alisema.

Immaculée alichukua kitambaa akafuta mikono yake vizuri, kidole kwa kidole. Akavua aproni. Akazunguka meza, akaingia ukumbini, nami nikamfuata kwa sababu niliogopa.

Alikwenda kwenye ile sanamu iliyovaa ovaroli ya kiwandani. Akaanza kuifungua vifungo kutoka juu. Akatoa mkono mmoja, akatoa mwingine, akaiinua sanamu kidogo akavuta miguu. Kisha akaikunja ile ovaroli kwa kufuata mishono, kama tunavyokunja nguo ya mteja, akaiweka kwapani. Waliokuwa karibu walidhani ni sehemu ya maonyesho. Msichana mmoja alimpiga video tangu mwanzo hadi mwisho, na alipomaliza watu wawili watatu wakapiga makofi.

Tulipotoka tukapita chini ya turubai. Mama Rhoda aliiona ovaroli yake kwapani mwa Immaculée, akajua. Mthalane alikuwa amepata kiti, anamalizia sahani yake.

Mambo hayakuishia pale, ila hayakuwa makubwa. Siku iliyofuata ile video ilikuwa imesambaa kwenye simu za mtaa, na mtu akaeleza kwamba haikuwa sehemu ya maonyesho. Kamati ikasema mgeni ameiba kitu cha maonyesho. Wateja wakaanza kupanda ngazi zetu kuchukua vitambaa vyao, wengine kwa aibu, wakisema wamebadili mawazo, wengine bila kusema kitu. Peguy alishinda kazini na kulala kazini kwa siku kadhaa, kisha akahama mtaa ule. Hakumgombeza mama yake. Angemgombeza ingekuwa afadhali, maana alianza kumpigia simu kama mtu anayempigia mgonjwa, akiuliza amekula nini, basi.

Kabla ya Krismasi Immaculée alihamia Pinetown. Alipata chumba kidogo nyuma ya duka la sare za shule, akawa anashona sare: sketi za kijivu, mashati meupe, kutwa nzima. Nilimsihi akae. Aliniambia, "Yaya, mimi sikasiriki na ule muzee. Yule nilimujua. Mimi nilikuwa na mama mumoja katika hii inchi."

Mwezi wa pili mwaka huu Mama Rhoda aliniomba nimpeleke. Tulipanda taxi mbili, na magoti yake hayakumruhusu kutembea haraka, kwa hiyo tulifika jua likiwa kali. Immaculée alituona kutoka kwenye mashine. Aliinuka, akatoa viti, akatupa maji. Hakuwa na kisirani. Alikuwa na adabu, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko kisirani.

"Nimewaambia," Mama Rhoda alisema, bado anahema. "Mkutano wa mwezi huu. Nimesimama nikawaambia nilichokiona dirishani. Nimewaambia Mthalane hakuzuia mtu, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha. Nimesema mbele yake."

Immaculée aliweka mkasi chini.

"Walisema nini?"

"Mwenyekiti alinishukuru." Mama Rhoda alijifuta jasho shingoni. "Akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Ilikuwa rangi ya mlango."

"Na yeye?"

"Alinitazama tu. Ijumaa alikuja ukumbini kama kawaida. Ijumaa ndiyo huwasimulia watoto wa shule."

Cherehani ya chumba cha pili ilikuwa ikiunguruma, ikasimama, ikaunguruma tena. Mama Rhoda aliinama mbele, akataka kumshika mkono.

"Ningesema nini siku ile, mwanangu? Watu wote wale. Mimi nazeekea pale. Nitazikwa na watu wale wale."

"Ndiyo, Mama Rhoda," alisema Immaculée.

Kabla ya hapo hakuwahi kumwita kwa jina lake uso kwa uso. Alimwita Mama, basi, kama tunavyowaita waliotuzaa. Mama Rhoda alilisikia. Aliurudisha mkono wake mapajani, akaushika kwa ule mwingine.

Tulikunywa chai. Tuliongea habari za mvua na nauli za taxi zilizopanda. Wakati wa kuondoka Immaculée alitusindikiza hadi kwenye robot, zile taa za barabarani, akamshika Mama Rhoda kiwiko kuvuka barabara, akangoja nasi mpaka gari likafika. Mama Rhoda, mguu mmoja ukiwa tayari ndani, alimwuliza kama atakuja Jumapili moja, hata moja tu.

"Hapana," alisema Immaculée. "Nenda salama."

Akaufunga mlango yeye mwenyewe, taratibu, asimbane nguo.